Beamter, Beamte, Beamten: ni mtu mmoja ama watu watatu?

Kuna kijana wa Ahero ameniandikia, anasoma Kijerumani kiwango cha B1 hapa Kisumu na anapanga kwenda Ujerumani kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi. Anasema hivi: "Madam, tulipewa listi ya maneno 70 ya watu wa serikali na ofisi zao, nimeikariri wiki 3 na asubuhi nikiamka nakumbuka 10 tu. Beamter, Beamte na Beamten ni mtu mmoja ama ni watatu? Na yale marefu kama Einwohnermeldeamt watu huyashika aje? Halafu shangazi yangu ananiambia ukifika kwa ofisi ya Wajerumani usipomuita ofisa kwa cheo chake, faili yako inalala. Ni ukweli?"

Ndugu yangu, nianze na hiyo listi yako, niliiona kwa picha uliyotuma. Imepangwa kwa alfabeti, Abgeordneter juu, Zollbeamter chini, na hapo katikati watu wamejazana kama abiria wa stegi ya Kondele saa kumi na mbili jioni, hakuna anayejua mwenzake anaenda wapi. Hata mimi singeishika, na nimefundisha hii lugha miaka 14. Hakuna kichwa kinaweza kushika watu 70 ambao hakijui wanafanya kazi gani. Umeimeza kama dawa ya minyoo, sasa unashangaa imepita.

Lakini kwanza tumalize hii ya Beamter maana ndiyo huangusha wengi kwa mtihani. Ni mtu mmoja, amebadilisha viatu tu. Asili yake ni neno beamtet, yaani aliyekabidhiwa Amt, na Amt ni cheo ama ofisi, huyo mtu zamani aliitwa Beamteter, midomo ikachoka ikakata silabi moja ikabaki Beamter. Kwa hivyo ndani kabisa ni kivumishi, na wewe hao unao wengi sana bila kujua. Chukua -geni, ni kivumishi, ukikipa m inakuwa mgeni amekaa kwa sebule yako anangoja chai, ukikipa wa ni wageni, na -gonjwa hivyo hivyo, mgonjwa, wagonjwa. Sisi tunabadilisha kofia, Mjerumani anabadilisha viatu, yaani kwa maneno ya familia hii kinachobadilika angalia mwisho wa neno. Basi.

Sasa kariri hiki kihadithi, usikariri jedwali: Ein Beamter kommt herein. Der Beamte fragt mich etwas. Ich antworte dem Beamten. Die Beamten gehen nach Hause. Kuna ofisa ameingia, hatumjui bado, ni ein Beamter. Tukishamjua, yule aliyeingia, ni der Beamte. Nikimjibu, dem Beamten. Na saa ya kufunga ikifika wote pamoja, die Beamten. Wakiwa wengi bila die mbele wanarudi kuwa Beamte, kama hier arbeiten Beamte. Sentensi 4 na nusu, na umemaliza kitu ambacho vitabu vinakipa kurasa mbili za kukutisha.

Mwanamke ndiye mwenye ujanja kidogo. Ni die Beamtin, wakiwa wengi Beamtinnen, yeye alitoka kwa ukoo wa vivumishi akaenda akawa nomino ya kawaida kama Lehrerin, mwalimu wa kike. Lakini wale ndugu zake wengine hawakutoka: der Angestellte ni mfanyakazi wa kuajiriwa, mwanamke ni die Angestellte, na ukiandika Angestelltin mwalimu anayesahihisha anaweka chini kalamu anapumua. Vivyo hivyo die Abgeordnete, mbunge, die Vorsitzende, mwenyekiti, die Beauftragte, yule aliyepewa jukumu fulani. Kwa hao niliokutajia, wa -in ni Beamtin peke yake. Na wewe mwenyewe ukienda Ausbildung utakuwa Auszubildender, mwanafunzi wa kazi, der Auszubildende, dem Auszubildenden, umeona? Umeingia kwa hiyo familia pia. Watu husema Azubi tu, na wewe sema Azubi, lakini kwa fomu litakuwa neno refu.

Matamshi: be-AM-ta, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili chetu, be na am zisishikane, na r ya mwisho inamezwa. Nasisitiza kwa sababu kuna mwanafunzi wangu mmoja nikiwa bado Nakuru, mazoezi ya kuongea, nikamuuliza babake anafanya kazi gani, akasema kwa ujasiri wote Mein Vater ist Beamer. Beamer kwa Kijerumani ni projekta, ile ya kumulika ukutani. Nikamuuliza na anafanya nini siku nzima, akanijibu anafanya kazi kila siku kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja. Sikuweza kuendelea na lile somo.

Sasa kuna kitu ambacho listi yako imekuficha, na hiki ndicho ningetaka ukae nacho. Imeandika juu kabisa "Beamte = wafanyakazi wa serikali". Si kweli, ama tuseme ni nusu ya ukweli. Utumishi wa umma wa Ujerumani unaitwa öffentlicher Dienst, una watu zaidi ya milioni 5, na Beamte ni chini ya nusu yao. Wengine ni Angestellte, ama kwa lugha ya karatasi Tarifbeschäftigte, wameajiriwa kwa mkataba kama mtu yeyote. Beamter ni yule ambaye sisi hapa tunasema ameandikwa pamanenti na pensheni, lakini zidisha. Polisi wa doria ni Beamter, afisa wa forodha, wa kodi wengi, walimu wengi pia ingawa inategemea jimbo. Zamani hata mtu wa posta na wa reli. Mzee wangu alifanya reli kule Nakuru na Mjerumani mmoja mzee nilipomwambia hivyo alisema ah, Bahnbeamter, kwa heshima kabisa, maana kwao kabla reli na posta kugeuzwa kampuni miaka ya 1994 na 1995 hiyo ilikuwa kazi ya maisha.

Na uzuri wake ni kwamba hii tofauti inakupa maneno wawili wawili, na maneno yakikuja kama mapacha hayapotei haraka. Angestellter ana Arbeitsvertrag, mkataba, na anayemwajiri ni Arbeitgeber. Beamter hana mkataba, anapewa Ernennungsurkunde, barua ya uteuzi, anaapa Diensteid, na juu yake kuna Dienstherr, hilo neno linanuka ubwana wa kale lakini bado ndilo la kisheria. Mmoja anapata Gehalt ama Entgelt, mwingine Besoldung, ingawa wakiwa kwa bia wote husema Gehalt. Mmoja akizeeka anapata Rente, mwingine Pension, na hapa chunga sana, kwa sababu sisi tunasema pensheni kwa kila mzee, ukisema bibi yako muuza samaki wa Dunga anapata Pension Mjerumani ataelewa alikuwa afisa wa serikali. Mmoja anaweza kupewa Kündigung, huyo mwingine huwezi kumfukuza kirahisi hivyo, kuna Entlassung na ina milolongo yake. Akianza mafunzo ni Beamter auf Widerruf, wanaweza kumrudisha nyumbani, akimaliza anakuwa auf Probe, anajaribiwa miaka kadhaa, halafu auf Lebenszeit, hadi kaburini. Nikiwaambia darasani hiyo ya Lebenszeit hakuna anayeisahau, wote wanataka kujua inaombwa wapi.

Bei ya hiyo raha ni kwamba Beamter hagomi. Neno ni Streikverbot. Walimu kadhaa walipeleka hiyo kesi hadi Bundesverfassungsgericht, ile mahakama ya katiba iliyoko Karlsruhe, na mwaka 2018 wakaambiwa hapana, mwalimu ambaye ni Beamter hana mgomo. Hebu fikiria mtu aje awaambie walimu wetu hivyo, bana. Kwa hivyo ukifika huko ukasikia Warnstreik, mgomo wa onyo, mabasi hayatembei, shule za chekechea zimefungwa, jua hao ni Angestellte wanadai nyongeza.

Na wewe je? Kwa kawaida kuwa Beamter unahitaji uraia wa Ujerumani ama wa nchi ya Umoja wa Ulaya, kuna milango midogo ya dharura lakini usiitegemee. Ukisomea uuguzi kwa hospitali ya mji ama ya chuo kikuu, kwa kawaida uko ndani ya öffentlicher Dienst, ukisomea kwa hospitali ya kanisa hauko, hata kama majengo yanafanana. Mtahini akikuuliza, jibu safi ni ich werde Auszubildender, kein Beamter. Hiyo kein peke yake inaonyesha umeelewa kitu.

Tuje kwa maneno marefu. Dawa ni moja, anza na mkia. Kiswahili chetu kinaanza na kichwa: ofisi ya usajili wa wakazi, ukisikia ofisi tu ushajua tunaongea juu ya nini, hayo mengine ni maelezo. Mjerumani anakuwekea hiyo ofisi mwisho kabisa. Einwohnermeldeamt, nenda mwisho, Amt, ni ofisi. Rudi nyuma, melde, kutoa taarifa, kujiandikisha. Rudi tena, Einwohner, mkazi. Ofisi ya kujiandikisha wakazi. Umeisoma kama Kiswahili, lakini kutoka kulia. Na huo mkia ndio unaobeba ngeli pia. Amt ni das, wingi Ämter, basi Finanzamt (ya kodi) ni das, Standesamt (ya vizazi na ndoa) das, Jugendamt (ya watoto), Gesundheitsamt (ya afya), Ordnungsamt (ya utaratibu mjini), Schulamt (ya shule), zote das na wingi wake zote Ämter. Umejifunza ngeli ya ofisi 7 kwa kujifunza silabi moja. Behörde, mamlaka, ni die, hivyo Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, ni die hata kama ndani yake kuna Ausländer, mgeni, ambaye ni der. Ministerium, wizara, ni das, wingi Ministerien. Watu hulalamika ati der, die, das ni mateso, mtu wa lugha yenye kikombe-vikombe, mti-miti, ukuta-kuta analalamikia ngeli tatu, hata aibu hamna.

Kuna sheria moja huko jimbo la Mecklenburg-Vorpommern iliyokuwa na neno moja la herufi 63 kwa jina lake: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Ilifutwa 2013, usijali haiko kwa mtihani. Lakini jaribu dawa. Mwisho: Gesetz, sheria. Kabla yake Übertragung, kukabidhi, Aufgaben, majukumu, Überwachung, kusimamia, Etikettierung, kuweka lebo, Rindfleisch, nyama ya ng'ombe. Sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji lebo wa nyama ya ng'ombe. Hata kwa Kiswahili ni sheria ya kulalia, lakini umeisoma.

Hiyo Schulamt sikuiweka bure. Shule yetu ni Schule yao, ilivuka mpaka kutoka Tanganyika enzi zile, na hela pia, ilitoka kwa Heller, sarafu waliyotumia huko Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wewe ulikuwa unaongea Kijerumani kabla ya kulipa karo yangu. Ila tahadhari kwa sisi watu wa ziwa, maana mimi pia ni wa huku na najua sh ikifika kwa mdomo wetu inageuka s, tunasema sule. Huko St ikianza neno inasomwa sht: Staat, Steuer, Standesamt, Staatsanwalt. Fanya mazoezi ukiwa peke yako, ama juu ya boda ambapo hakuna anayekusikia.

Sasa ile listi. Ikate. Kila mtu wa serikali mpe vitu vitatu: mlango wake, karatasi yake, na kitendo chake. Usijifunze jina la mtu bila hivyo vitatu. Siwezi kukufanyia wote 70 lakini nikuonyeshe.

Die Standesbeamtin. Mlango, Standesamt. Karatasi, Geburtsurkunde na Heiratsurkunde, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa. Kitendo, ausstellen, kutoa cheti. Sentensi: Die Standesbeamtin stellt die Geburtsurkunde aus. Ukiona mtoto kazaliwa, watu wameoana, mtu amekufa, ni mlango huo.

Der Sachbearbeiter, huyu ndiye muhimu kuliko wote na listi yako haina, sijui nani aliitengeneza. Ni karani anayeshika faili yako, awe Beamter ama Angestellter haijalishi. Mlango wowote unaoingia utamkuta. Karatasi yake ni Antrag, ombi lako, likiwa ndani ya Akte, faili. Kitendo, bearbeiten, kushughulikia, na angalia jina lake limetoka hapo hapo. Ihr Antrag wird bearbeitet ndiyo ile yetu ya "faili iko kwa meza".

Wa Ausländerbehörde anashika Aufenthaltstitel, kibali cha kuishi, naye anakitoa, erteilen, ama anakiongeza muda, verlängern. Wa Finanzamt anashika Steuererklärung, ritani zako za kodi, anazipima, prüfen, halafu anakutumia Steuerbescheid. Wa Ordnungsamt, huyo ni kanjo, sina namna nyingine ya kusema, ni kanjo mwenye adabu, anatembea anaangalia nani ameegesha gari vibaya na nani anapiga kelele, anaandika Strafzettel. Na Gerichtsvollzieher ni yule wa mahakama anayekuja kushika mali ya mwenye deni, kama hawa wetu wanaobeba makochi na TV, ila yeye kwanza anabandika kistika kwa kabati. Hiyo stika Wajerumani wanaiita Kuckuck, jina la ndege, kwa sababu muhuri wa zamani ulikuwa na tai na watu wakamkejeli huyo tai. Mtu akikwambia kabati lake lina Kuckuck usitafute kiota.

Hayo ya milango nilijifunza kwa miguu. Wiki ya kwanza nikiwa Ujerumani, mji mdogo tu, nilienda ofisi fulani na karatasi zangu zote, nikasubiri, mama mmoja akaziangalia akasema dafür sind wir nicht zuständig. Mimi nilikuwa najua neno ständig, yaani kila wakati, nikasema kwa moyo, sawa, anasema hawako hapa kila wakati. Nikatoka. Kesho yake nikarudi mapema. Mama yule yule, sentensi ile ile. Siku ya tatu akanichukua mkono akanipeleka mlango wa pili kwenye hiyo korido. Zuständig maana yake ni mwenye jukumu la jambo hilo. Wir sind nicht zuständig ni "hiyo si ya hapa", ile tunaambiwa na sisi huku tukizungushwa kutoka ghorofa hadi ghorofa. Basi ukiisikia usiondoke, uliza hapo hapo: Wer ist dafür zuständig? Hilo swali moja limenifaa kuliko diploma.

Mengine ya mlangoni: Termin, miadi. Huku Huduma Centre unaingia unachukua namba unakaa, huko pia kuna mahali unachukua namba, eine Nummer ziehen, lakini ofisi nyingi bila Termin hawakuoni kabisa. Unterlagen, karatasi zako zote. Beglaubigte Kopie, nakala iliyothibitishwa, kama ile ya kugongewa muhuri na wakili. Anmeldung, kujiandikisha, na hiyo sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie nyumba, na unaenda na Wohnungsgeberbestätigung, soma kutoka mkia: uthibitisho, wa mwenye kutoa, nyumba. Barua ya landlodi.

Na barua za huko pia zisome kutoka mkia. Ukipata Bescheid, yaani uamuzi wa ofisi, usianze na lile balaa la aya ya kwanza, shuka chini kabisa utafute kichwa Rechtsbehelfsbelehrung. Hapo ndipo wanakwambia ukikataa huo uamuzi unaweza kupeleka Widerspruch, pingamizi, ama kwenda mahakamani, na Frist, muda wa mwisho, mara nyingi mwezi mmoja. Hizo tatu, Bescheid, Widerspruch, Frist, weka kwa kadi nyekundu. Hiyo Kijerumani chao cha ofisi wenyewe wanaicheka, wanaiita Beamtendeutsch, ni lugha ambayo taa za barabarani, Ampel, zinaitwa Lichtzeichenanlage, na stempu, Briefmarke, inaitwa Postwertzeichen. Wewe elewa tu, usiongee hivyo, watadhani umemeza gazeti la serikali.

Wanasiasa sitakaa sana maana hao unawaona kwa habari. Kosa la Mkenya ni moja, anadhani Präsident ndiye mwenye nchi. Bundespräsident ni wa heshima na kutia sahihi, anayetawala ni Bundeskanzler, kansela. Angela Merkel alipochukua 2005 neno Bundeskanzlerin lilikuwa jipya masikioni hadi likachaguliwa neno la mwaka, leo watoto wanaona ni la kawaida. Nchi ina majimbo 16, Länder, na kwa mengi yao mkubwa wa jimbo ni Ministerpräsident, huyo ndiye anakaribia gavana wetu, ila hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na bunge la jimbo, Landtag. Chini yake kuna Landkreise 294, yaani wilaya, karibu kila moja na mkuu wake, Landrat, halafu Bürgermeister, meya wa mji, na mji mkubwa Oberbürgermeister. Hiyo ober ni "wa juu", na huirudia kila mahali: Sekretär, Obersekretär, Inspektor, Oberinspektor, ngazi zile zile kama za sajenti na inspekta wetu.

Mitego miwili hapa. Sisi kila mtu wa serikali ni ofisa, lakini Offizier ni wa jeshi, si wa ofisini, ukimwambia karani Sie sind Offizier atajiangalia nguo. Na Staatssekretär si sekretari wa kupokea simu, ni yule tunayemuita Katibu wa wizara, mkubwa baada ya waziri.

Na wanaoishia -ent, -ist, -ant wanavaa kiatu cha -en wakiacha kuwa mtenda: ich sehe den Präsidenten, ich frage den Polizisten. Minister, Kanzler, Bürgermeister hawahangaiki, den Minister, den Bürgermeister. Kwa B1 hiyo inatosha.

Namna ya kufanya mazoezi: kadi 5 kwa siku, upande mmoja mlango, upande wa pili mtu, karatasi, kitendo, na wakati unapita ofisi za hapa zitaje. Ukipita kwa chifu, kwa ofisi ya watoto, kwa KRA, kwa msajili wa vizazi, sema mlango huu kwa Kijerumani ni upi na nani ako ndani na ameshika nini. Kisumu mjini peke yake kwa mwendo wa nusu saa utapita milango kama 15. Siku 14 zinakumalizia hiyo 70, wiki ya tatu ni kurudia.

Kuhusu shangazi. Mpe salamu zangu, mwambie ana ukweli kidogo: faili hulala. Lakini haiamshwi na cheo. Ukiingia ni Guten Tag, halafu Herr ama Frau na jina la mwisho, jina utalikuta limeandikwa mlangoni ama kwa barua, Guten Tag, Frau Schneider, basi. Sie wakati wote, kamwe usitumie du, polisi ukimwambia du anaweza kuichukua kama tusi. Cheo kinachotajwa ni Doktor kama anacho. Ukiandika na hujui jina, Sehr geehrte Damen und Herren, koma, na mstari unaofuata unaanza na herufi ndogo isipokuwa ni nomino, mwisho Mit freundlichen Grüßen bila koma. Na juu ya barua weka Aktenzeichen, namba ya faili yako. Hiyo ndiyo inaamsha faili, bila hiyo hata umuite nani atakuuliza Haben Sie ein Aktenzeichen? Mheshimiwa mwachie MCA wenu.